Kengele Ilisikika

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Najua unaipokea barua hii ukiwa umenuna, na haki yako. Wiki tatu unanipigia na sijapokea hata mara moja. Simu yangu ni mbovu, spika imekufa. Kila siku nasema kesho nitaipeleka kwa fundi, na kesho haifiki. Basi tuandikiane, kama ulipokuwa shule ya bweni na mimi nikakuandikia kwa penseli niliyoitafuna kichwa.

Nina msiba, Dada. Mluzi amefariki.

Unamkumbuka, yule mrefu aliyebeba meza peke yake siku ya harusi yangu. Tuliandikishwa kiwandani siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita, mimi kwenye msumeno mkubwa, yeye kwenye mkanda unaoleta magogo mpaka kwangu. Miaka yote hiyo nikiinua macho namwona yeye. Sasa nainua macho na kumwona mtu mwingine, nayainamisha.

Jumanne ya wiki iliyopita magome yalikwama chini ya mkanda. Wakauzima, naye akapanda na mtaimbo kuyang'oa, kazi aliyoifanya kila wiki. Mkanda ukawashwa akiwa bado juu. Utaratibu ni kwamba kabla haujaanza kengele hulia sekunde kumi ili aliye karibu aondoke. Hakuondoka. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Leo siwezi kuandika zaidi ya hapo.

Juzi msimamizi aliniita ofisini tukaandika maelezo yangu. Nimekuwekea nakala humu. Wewe umekaa mahakamani miaka ishirini na nane ukipiga chapa maneno ya mashahidi. Niangalizie kama Kiswahili chake kimenyooka, maana yatasomwa na mkaguzi. Zaidi ya hapo usijisumbue.

Kinachoniumiza ni mke wake, Mama Pacha. Mabinti wale wana miaka kumi na moja, na nyumba wanayoishi ni ya kampuni. Taratibu zinasema mtu akifia kazini familia yake hubaki ndani mpaka watoto wamalize shule, ila kama kifo kimetokana na uzembe wake mwenyewe. Ameshaambiwa afungashe.

Wifi yako anakusalimu. Usipige simu, andika.

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Barua yako niliisomea kwenye ngazi, kabla sijafika mlangoni, nikakaa hapo hapo mpaka jirani akaniuliza kama nimeteguka mguu. Meza ile naikumbuka. Naikumbuka na ile miluzi yake, alivyokuwa akijibu salamu za wazee kwa mluzi, mama akataka kumchapa mkwaju mtu mzima.

Sasa nikuulize kama dada. Nimekukosea nini? Nilimpigia wifi kumpa pole, nikamuuliza kama simu yako imepona. Akaniuliza, simu ipi iliyougua? Anasema iko mezani, inalia mpaka inachoka, na wewe umekaa hatua mbili unalitazama dirisha. Tena ana manung'uniko yake. Anasema siku hizi akikusemesha umetia pamba masikioni, na ukijibu unajibu lingine kabisa. Juzi alikuuliza kama utaongeza chai ukamjibu, "Saa nane." Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Kama una jambo na mimi, au na yeye, liseme.

Nimeyasoma maelezo yako. Kiswahili chake kimenyooka. Kimenyooka mno, ndiyo shida yake. Nayanakili hapa uyaone kwa macho yangu:

"Nilikuwa kwenye msumeno. Nilimwona marehemu akipanda juu ya mkanda. Kengele ilisikika. Nilimwona akianguka. Nilikimbia kuzima mkanda."

Sentensi tano. Nne zinakutaja wewe: nilikuwa, nilimwona, nilimwona, nilikimbia. Moja haina mtu ndani yake. Ilisikika na nani?

Usinione mchokozi. Hakimu wangu wa kwanza alikuwa mzee mpole, lakini kwenye neno hilo alikuwa mkali kama wembe. Shahidi akisema "kelele zilisikika", anamkatiza: "Sikukuuliza kilichosikika. Nimekuuliza ulichosikia." Mimi nikiwa msichana nilidhani anasumbua watu bure. Baadaye nikaelewa. Kusikia ni kwa mtu. Kusikika ni kwa kitu. Nikisema nilisikia, nimejifunga mwenyewe, ninaweza kuulizwa nilisimama wapi na nilikuwa nafanya nini. Nikisema ilisikika, nimeifunga dunia nzima na mimi nimetoka mlango wa nyuma. Nimeona watu wakienda jela kwa neno hilo, na nimeona wengine wakilitumia kama pazia.

Basi niambie mimi, si mkaguzi. Wewe mwenyewe, uliisikia kengele?

Dada yako


19 Machi

Dada,

Barua yako imefika. Ahsante kwa pole. Ya simu na ya wifi yako tuyaache, ni mambo ya ndani ya nyumba.

Nilikuomba uangalie lugha, sikukuomba unisimamishe kizimbani. Sentensi hiyo aliiandika msimamizi. Aliuliza, nikaitikia kwa kichwa, akaandika, nikasaini. Kengele ile imeunganishwa na swichi ya mkanda. Haiwezekani mkanda uanze kabla haijalia. Fundi umeme aliipima kesho yake akakuta ni nzima. Kwa hiyo ililia. Kitu kikilia kinasikika. Ugomvi uko wapi?

Mama Pacha alihama Jumamosi. Nilimsaidia kupakia vitu. Amekwenda kwa mama yake, safari ya saa sita kutoka hapa. Aliniaga kwa kunishika mkono tu. Mabinti walikaa juu ya magodoro nyuma ya gari wamegeukiana mgongo.

Getini kumebandikwa tangazo: "Uchunguzi umeonyesha kuwa kengele ya tahadhari ilisikika na marehemu hakuondoka. Ajali imetokana na uzembe wake." Napita hapo asubuhi na jioni.

Mimi nimeambiwa kuanzia mwezi ujao nitasimamia zamu ya asubuhi. Wifi yako amefurahi.

Neno lile usiniulize tena.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Sitakuuliza. Nitakuambia.

Nimeisoma barua yako mara nne. Rafiki yako amekufa. Umesaini karatasi inayosema kosa ni lake, kwa sentensi isiyokuwa na mtu. Mke wake na watoto wametolewa nyumbani kwa karatasi hiyo. Mwezi unaofuata unapewa usimamizi wa zamu. Nimepiga chapa kesi za namna hiyo nyingi, na sikuwahi kufikiri nitaipiga ya ndugu yangu wa tumbo moja.

Kumbe ndiyo maana hupokei simu. Sauti ya mtu haidanganyi kirahisi kama karatasi, wewe unalijua hilo, ukaona bora uniandikie. Hukutaka nikusikie.

Kama wamekununua, sema wamekununua. Mama yetu hakutulea hivyo. Ungekuwa karibu ningekushika sikio kama zamani, nilivute mpaka useme.

Sitaandika tena mpaka uniambie ukweli.

Dada yako


2 Aprili

Shemeji yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mke wako. Sisi tumefika salama. Watoto wamepata shule, wanakaa dawati moja.

Nimekaa na jambo mpaka limenishinda, na sina mwingine wa kumwambia. Wewe ulikuwa naye mchana kutwa, mimi nilikuwa naye usiku. Tukichanganya tunachokijua labda atatimia mtu mzima.

Mume wangu alikuwa hasikii, Shemeji. Si uziwi wa kabisa. Ulianza kidogo kidogo, mwaka wa tatu sasa. Kwanza ni maji ya bomba, anayaacha wazi yanamwagika yeye amekaa hapo hapo. Halafu watoto wakimwita akiwa amewapa mgongo. Nilidhani amekuwa mkali, mpaka siku moja nilimwangushia sufuria nyuma yake kwa bahati mbaya, hakustuka. Aligeuka kwa sababu aliniona mimi nimestuka. Tulitazamana, tukajua wote wawili.

Aliniapisha nisimwambie mtu. Alisema wakijua watamwondoa kwenye mkanda, na nje ya mkanda hana kazi. Nikamsitiri. Nikawa namgusa bega kabla sijasema. Watoto niliwaambia baba hapendi kuongea na mtu asiyemwona usoni, basi wakazoea kuja mbele yake. Siku za mwisho alikuwa anasoma midomo yangu vizuri kuliko ninavyosoma kitabu.

Pale makaburini msimamizi alisema mbele ya watu kwamba marehemu alikuwa fundi hodari lakini mtu asiyesikia. Alimaanisha mkaidi. Niliinamisha kichwa, maana alikuwa amesema kweli bila kuijua, na mimi niliyeijua nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa: nikisema hakuwa anasikia, si watasema ni kosa lake kabisa, kwa nini alificha? Nilidhani nikikaa kimya nyumba itabaki. Nyumba imekwenda na ukimya wangu nimebaki nao.

Ninalokuandikia hasa ni hili. Watoto wamelisoma tangazo la getini siku tulipopakia vitu. Juzi mmoja, yule mpole, ameniuliza: "Mama, kama Baba aliisikia kengele na hakuondoka, kwa nini hakuondoka? Alituchoka?" Mwenzake alikuwa amelala, au alijifanya amelala. Nimemwambia baba yao aliwapenda. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayekuuzia kitu.

Sikulaumu, Shemeji. Wewe umesema ulichosikia. Nataka kujua tu, ulikuwa karibu naye: aliponyanyua kichwa, kama alinyanyua, uso wake ulikuwaje?

Nijibu hata kama jibu ni baya.

Mama Pacha


9 Aprili

Dada,

Nakuwekea barua ya Mama Pacha humu. Isome kwanza, ndipo uje kwangu.

Umeshaisoma. Sasa nakujibu ulichoniuliza tarehe 11 Machi.

Sikuisikia kengele, Dada. Sijaisikia kengele ile kwa miaka miwili, labda zaidi. Simu yangu si mbovu. Mimi ndiye mbovu.

Ubovu ulianza kwa mlio mwembamba ndani ya kichwa, kama mbu asiyetua. Nikadhani ni uchovu. Halafu maneno yakaanza kupoteza ncha zake. Mtu akiniambia "pita" au "pika" au "piga" yote ni mamoja, nachagua linaloelekea. Ndiyo maana ya "saa nane" niliyomjibu wifi yako. Nilidhani ananiuliza natoka kazini lini. Nyumbani nacheka wengine wakicheka. Kazini ni rahisi, pale hakuna anayesikia kitu misumeno ikiwaka, tunaongea kwa mikono na macho. Na kengele nilikuwa naijua kwa namna nyingine: nikiona wenzangu wanarudi nyuma, narudi nyuma. Nikimwona Mluzi anashuka kwenye mkanda, najua imelia. Yeye ndiye alikuwa kengele yangu.

Sasa elewa jambo linalonitoa usingizini tangu barua hii ifike. Yeye naye alikuwa ananitazama mimi. Nikiondoka kwenye msumeno, anajua imelia. Viziwi wawili, kila mmoja amemfanya mwenzake masikio yake, miaka miwili, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Wakati wa chakula alikuwa ananisogelea ananinong'oneza utani, mimi nacheka mpaka nashika mbavu, sikusikia hata neno. Mimi namnong'oneza wa kwangu, yeye anajipiga paja. Tulikuwa tunachekea nini, Dada?

Siku ile nilikuwa nimeinama nabadilisha jino la msumeno. Sikuwa namtazama. Naye bila shaka aliinua macho akaniona nimeinama, nimetulia, akajua bado haijalia. Mkanda ukaanza.

Msimamizi aliponiuliza, "Kengele ilisikika?" nilimsoma mdomoni. Niseme sikusikia? Ataniuliza kwa nini, mtu wa hatua sita. Nikajiambia: imelia, fundi umeme amesema imelia, basi kwa wengine ilisikika, kwa hiyo sisemi uongo. Nikaitikia kwa kichwa. Usimamizi wa zamu ulikuja baadaye na wala sikuuomba, lakini sikuukataa, kwa hiyo kunifananisha na mtu aliyenunuliwa hukukosea sana.

Ajabu ya lugha yetu, mimi bado nasikia mengi. Nasikia njaa, nasikia baridi, nasikia harufu ya mbao mbichi, nasikia aibu. Kusikia kote nimebakiwa nako isipokuwa kule kwenyewe.

Tangu ulipoandika kwamba sikutaka unisikie, nimekuwa nikitaka kukuambia: ni kinyume chake. Nilijua sitakusikia wewe. Ningeishika simu, ningeona kwamba unaongea, na isingenifikia sauti yako. Niliona bora nisipokee kuliko nijue.

Sasa nifanye nini? Nikisema ukweli, watasema: sawa, wewe ni kiziwi, toka, na kengele ililia, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Nitapoteza kazi na Mama Pacha hatapata kitu.

Mdogo wako


15 Aprili

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara sita. Nilikutishia kukushika sikio. Nilikuambia hukutaka nikusikie. Ningeweza kuyafuta maneno yale ningeyafuta, lakini yako kwako kwa wino wangu, basi yahifadhi, siku nikijiona mjuzi unionyeshe. Wifi anajua? Kama hajui mwambie leo, kabla hujafanya lingine lolote. Mwanamke yule anadhani humpendi.

Sasa sikiliza. Samahani, soma.

Umesema hakuna kitakachobadilika. Umekosea, na ni kwa neno lile lile. Mkaguzi ana maneno mawili mkononi: kengele ililia, na kengele ilisikika. La kwanza amelipata kwa fundi umeme, na fundi umeme aliipima wakati gani? Uliniandikia mwenyewe: kesho yake, na bila shaka misumeno ilikuwa imezimwa. La pili amelipata kwako peke yako. Ondoa neno lako uone kama lina miguu. Kengele haisikiki hewani. Inasikika kwa masikio ya watu fulani, mahali fulani, kelele fulani zikiwapo. Hakuna aliyewauliza watu hao. Na hujiulizi, ndugu yangu, ni namna gani watu wawili waliosimama ndani ya hatua sita za msumeno mmoja kwa miaka kumi na tisa wameharibika masikio wote wawili?

Sikuandikii maelezo. Ukiyaandika kwa maneno yangu yatakuwa pazia jingine. Ila nakuomba kitu kimoja: kila sentensi iwe na mtu ndani. Lile usilolijua, andika hujui.

Kazi unaweza kuipoteza. Sitakudanganya. Chumba cha nyuma kwangu kina kitanda, na mimi naongea kwa sauti kubwa kama unavyojua, majirani ni mashahidi. Nimeomba likizo ya wiki moja. Nitafika tarehe 24. Usije kunipokea, najua njia.

Dada yako anayekupenda


22 Aprili

Kwa Mkaguzi wa Usalama Kazini

Yah: Kurekebisha maelezo yangu ya tarehe 2 Machi

Mimi ni fundi wa msumeno mkubwa. Katika maelezo yangu nilisaini sentensi, "Kengele ilisikika." Naomba sentensi hiyo ifutwe na mahali pake iandikwe: "Sikusikia kengele."

Sisemi haikulia. Sijui. Masikio yangu hayasikii vizuri na nimewaficha jambo hilo viongozi wangu, wenzangu na mke wangu. Kosa hilo ni langu.

Sijui kama marehemu aliisikia. Mke wake ameniandikia kwamba marehemu naye alikuwa hasikii vizuri kwa karibu miaka mitatu, na amenipa ruhusa niseme.

Naomba kengele ipimwe misumeno yote ikiwa inafanya kazi, wafanyakazi wakiwa mahali pao pa kila siku, na kila mmoja aulizwe alichosikia yeye mwenyewe.

Nimeandika haya kwa mkono wangu, bila kulazimishwa.

Fundi wa msumeno mkubwa


3 Julai

Mama Pacha, Shemeji yangu,

Nilipokuandikia kuomba ruhusa, nilikuahidi kwamba jibu likitoka nitakuandikia siku hiyo hiyo. Limetoka leo.

Mkaguzi alikuja mwezi uliopita na mtaalamu wa masikio. Walituweka kumi na wanne, kila mtu mahali pake, misumeno inanguruma, tumeugeuzia mgongo mkanda. Tukaambiwa anayesikia kengele ainue mkono. Mimi nilisimama nikitazama ukuta, sikujua hata kama jaribio limeanza. Halafu nikaguswa bega: geuka. Watano walikuwa wameinua mikono. Sisi tisa tulikuwa tumesimama hivi hivi. Yule anayewasha mkanda alitutazama kupitia kioo cha chumba chake, akakaa chini. Siku ile alifanya kila kitu kama alivyofundishwa, Shemeji. Aliiliza kengele ile akiamini sisi tunaisikia. Tangu siku hiyo tunakula pamoja.

Ripoti inasema: "Kengele ililia. Mahali alipokuwa marehemu, haikusikika." Inasema pia kwamba masikio yetu yameharibiwa na kazi, na kwamba hatukuwahi kupewa vizibo. Neno uzembe halimo. Tangazo la zamani msimamizi alilibandua mwenyewe kwa kisu, gundi ikawa inagoma, karatasi inatoka vipande vipande, na watu wamesimama wanamtazama. Sasa juu ya mkanda wanafunga taa kubwa nyekundu. Imechelewa, lakini inafungwa.

Barua ya nyumba itakufikia wiki ijayo. Ni yenu mpaka watoto wamalize shule. Kama hutaki kurudi hapa, nitakuelewa, na Dada yangu anasema unaweza kuandika waihesabu kwa fedha, yeye atakusaidia. Alikaa kwetu wiki nzima. Alimfundisha mke wangu kunigusa bega, akamwambia amelisoma kwenye barua yako.

Mimi nimeondolewa kwenye msumeno. Usimamizi wa zamu amepewa mwingine. Niko ghalani, napanga mbao kavu. Baadhi ya wale tisa hawanisalimu, maana nao wamehamishwa; mmoja aliniambia, "Umetuharibia," nikamsoma vizuri. Labda siku moja atapata cha kujijibu mwenyewe.

Uliniuliza aliponyanyua kichwa uso wake ulikuwaje. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitamani ningekuwa na jibu zuri zaidi. Nilikuwa nimeinama. Nilipotazama mkanda ulikuwa umeshaanza, na nilimwona ubavuni, mtaimbo uko mikononi bado anavuta gome. Hakuwa amenyanyua kichwa. Alikuwa anafanya kazi.

Karatasi ya pili ni ya mabinti. Wape waisome wenyewe.

Shemeji yako


Wanangu wawili,

Mimi ni rafiki wa baba yenu, yule mliyekuwa mnamwita Baba Mbao. Tangazo mlilolisoma getini lilikuwa na neno langu ndani yake, na neno hilo halikuwa kweli. Nawaomba radhi. Baba yenu hakuisikia kengele. Hakuna aliyeisikia kati yetu sisi tuliokuwa karibu.

Kuna jambo sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa nimejifunga mdomo na siri yangu. Asubuhi ile, kabla hajaanza kazi, baba yenu alikuja kwenye msumeno wangu na vipimo vya kitanda. Kitanda cha ghorofa, cha watu wawili. Misumeno ilikuwa inawaka, basi tuliongea bila sauti, kama siku zote kiwandani, safari hii kwa penseli juu ya ubao. Aliandika urefu na upana. Mimi nikaandika: "Watagombania cha juu." Akacheka, akachukua penseli, akaandika: "Wapokezane. Jumapili hadi Jumapili." Akaniashiria nimkatie mbao hizo jioni ya siku hiyo.

Nilizikata mwezi wa nne Dada yangu akiwa kwetu, ameshika upande wa pili. Kitanda kitafika kwenu Jumamosi kwa lori. Ubao wenye maandishi yake nimeuweka chini ya godoro la juu, upande unaotazama chini, ili atakayelala kitanda cha chini ausome. Nimemwambia fundi asiupige randa.

Baba Mbao